Kabla Hujatoa Maksi, Sema Ulichokiona

Miaka michache iliyopita jirani yangu, mama mtu mzima ambaye watoto wangu humwita bibi, aliniuliza aangalie filamu gani Jumamosi jioni na wajukuu zake. Nikamjibu papo hapo: "Angalia Supa Modo, mama. Nzuri sana, ya watoto, mimi naipa tisa kwa kumi." Hakuna neno la uongo hapo. Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya ilitoka mwaka 2018, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin, na mpaka leo naihesabu miongoni mwa filamu bora zilizopata kutengenezwa Afrika Mashariki. Lakini inamhusu Jo, msichana mdogo anayeumwa ugonjwa usiopona, na kijiji kinachojifunga kibwebwe kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa mwenye nguvu za ajabu. Jirani yangu alikuwa amefiwa na mjukuu mwaka uliotangulia. Msiba huo nilihudhuria, na ubwabwa wake nilikula. Filamu aliizima katikati, watoto wakapelekwa kulala. Kesho yake hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mbona hukuniambia inahusu nini?"

Nimekaa na swali hilo muda mrefu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya kwa wapenzi wenzangu wa sinema.

Sisi watu wa sinema tuna mapenzi makubwa na maneno machache. Tukimaliza kuangalia tunasema "kali", "noma", "bonge la picha". Tukichukia tunasema "ya kawaida", "imeniboa", "takataka". Kisha tunabandika namba. Anayetusikiliza anaelewa kwamba tumefurahi au tumeudhika, ila kuhusu filamu yenyewe hajaambiwa kitu. Naye ana jioni moja, bando lililobaki kidogo, pengine nauli na kiingilio cha watu watatu. Anataka kujua kama jioni yake aiweke hapo, na akae na nani.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, na ukiuchukua huu peke yake nitaridhika: eleza kwanza, hukumu baadaye. Sentensi tatu zinatosha. Ya kwanza iseme filamu inamhusu nani na mwanzoni yuko katika hali gani. Ya pili iseme inakwendaje, kwa kasi au taratibu, kwa maneno mengi au kwa ukimya, na ndani yake kuna kicheko, hofu, damu au majonzi. Ya tatu iseme ilikushika wapi na ilikupoteza wapi. Baada ya hapo toa maksi kama unazo.

Chukua Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoanza kuonyeshwa Toronto mwaka 2021. Ukimwambia mtu "naipa nane, imeshinda tuzo," umemwambia kweli. Mwaka 2022 ilichukua Tanit ya Dhahabu kwenye tamasha la Carthage kule Tunisia, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo nchi yetu haikuwa imelifanya tangu ilipopeleka Maangamizi mwaka 2001. Lakini tuzo haimwelezi msomaji wa riwaya ya Adam Shafi anachokwenda kukutana nacho. Mimi ningemwambia hivi: "Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, enzi za Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mzee, amemkimbia mumewe, na anakutana na Denge, kijana wa harakati za kupigania uhuru. Inakwenda taratibu, inatazamika kama mchoro, na watu wanasemezana kwa macho zaidi kuliko kwa midomo. Riwaya imepunguzwa sana, usitegemee kuikuta yote. Mimi ilinishika kwenye vichochoro vya usiku, ikaniacha kidogo kwenye siasa, maana nilitaka nimjue Denge zaidi." Mmoja akisikia hivyo atasema, "Hiyo ndiyo yangu." Mwingine atasema, "Mimi leo nataka mapigano." Wote wawili umewafaa, na umetumia nusu dakika.

Hapo kwenye sentensi ya pili naomba tuwe makini sana, kwa sababu ya namna tunavyoangalia filamu majumbani. Televisheni ya kwetu iko sebuleni, na sebuleni kuna bibi, kuna mtoto wa darasa la pili, kuna shemeji aliyefika jana kutoka safari. Kitu ambacho ukiwa peke yako na simu hukigutukii, hapo kinawafanya watu watazame dari na baba atafute rimoti. Mwambie mwenzako mapema: kuna mahali pa faragha, kuna ubakaji, kuna mtoto anayekufa, kuna matusi tangu mwanzo mpaka mwisho. Sio lazima useme ni nani wala lini. Ungemwambia mgeni kwamba njia ile ina tope ili avae viatu vinavyofaa. Na hili ni jambo la aina hiyo hiyo.

Sema pia uliiangalia wapi na kwa njia gani. Jambo hili watu hulipuuza, na kwetu huku lina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Waliokulia Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania wanamkumbuka Lufufu, aliyezichukua filamu za nje na kuzisimulia kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe, akizimwaga kwenye kanda na baadaye kwenye diski hadi vibanda vya video vya mitaani. Wakenya wana DJ Afro. Waganda wana ma-VJ wao, akina VJ Jingo, wanaosimulia kwa Kiganda. Wasimuliaji hawa hawatafsiri tu maneno. Wanampa adui jina la mtaani, wanaeleza lisiloelezwa, wanamsifu steringi pale mwongozaji alipomwacha akinyamaza, na mahali pa kuchosha wanapajaza vichekesho vyao. Nimeona filamu ya mapigano ya hovyo kabisa ikawakusanya watu kwenye kibanda umiza hadi wengine wakasimama mlangoni, kwa sababu ya msimuliaji. Na nimewahi kuisikiliza filamu nzuri ya ukimya ikizikwa chini ya maneno. Sasa ukiniambia "ile picha kali sana," nami nikaenda kuitafuta ya Kiingereza, tutagombana bure. Ulichokipenda wewe ni DJ, nami nimekutana na filamu. Sema waziwazi: "Mimi niliiangalia ya DJ."

Wala sisemi kwamba iliyosimuliwa ni ya daraja la chini. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo hazifiki dola 200 kwa maelezo yake mwenyewe, na ile inayojulikana duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Ukimtoa VJ Emmie umeibadilisha filamu. Kwa hiyo hapo msimuliaji ni sehemu ya kazi, naye ana haki ya kuhesabiwa kwenye maksi. Ninachoomba ni msikilizaji ajue unapima kitu gani.

Ni vivyo hivyo kwa nakala na mahali. Kama uliona ile iliyorekodiwa kwa kificho ndani ya ukumbi, yenye vivuli vya vichwa vya watu chini ya kioo, usimhukumu mpiga picha kwamba kazi yake ni ya giza. Kama uliitazama kwenye simu ndani ya daladala ukiwa na spika ya sikioni upande mmoja tu, usiseme muziki wake haukuwa na kitu. Na upande wa pili, kama uliiona Ngome Kongwe usiku wa tamasha la ZIFF, mko mamia chini ya nyota na upepo wa bahari unapiga, kumbuka kwamba kicheko cha wenzako kimo ndani ya maksi zako. Filamu hiyo hiyo ukiiangalia peke yako Jumanne mchana itakuwa imepungua kimo. Ulikuwa umechoka? Umetoka kugombana? Ulisinzia robo saa? Sema. Aliyesinzia na asitoe maksi kabisa.

Sasa tuje kwenye maksi zenyewe.

Watu wengi hutazama namba kwenye mtandao kana kwamba zimetoka kwenye mizani ya dukani, na hawajui kila namba inapima nini. Rotten Tomatoes, iliyoanza mwaka 1998, haitoi maksi ya ubora. Inahesabu wahakiki wangapi kati ya wote wameikubali filamu, na ikifika asilimia 60 inahesabiwa imefaulu. Wahakiki kumi wote wakisema "si mbaya," filamu inapata 100. Sita wakisema ni filamu ya maisha yao na wanne wakaichukia, inapata 60. Mtu asiyejua hili ataikimbia ya pili na kuifuata ya kwanza, na pengine yeye ni mmoja wa wale sita. IMDb, ambayo ilianza mwaka 1990, inakusanya maksi za watazamaji wenyewe. Huko The Shawshank Redemption ya mwaka 1994 imekaa kileleni kwa miaka mingi, ingawa ilipotoka haikuuza vizuri kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Kizuri cha IMDb ni wingi wa watu. Ubovu wake unaonekana kwa filamu zetu, ambazo pengine zina kura chache mno: hapo unaweza kukuta tisa ya ndugu na marafiki wa mwongozaji, au tatu ya watu ambao hawakuelewa lugha.

Ipo pia CinemaScore, ambayo tangu mwaka 1979 inawauliza Wamarekani wanapotoka ukumbini filamu inapoanza kuonyeshwa, nao wanatoa herufi kama za ripoti ya shule. Mwaka 2017 filamu ya Darren Aronofsky iitwayo mother! ilipata F, herufi ya mwisho kabisa, huku wahakiki wengi wakiiheshimu. Waliolipa kiingilio walitegemea filamu ya kutisha ya kawaida wakapewa fumbo zito. Ile F ilipima umbali kati ya walichotegemea na walichopewa. Nakutajia hayo ili ukumbuke kujiuliza, kabla ya kumtupia mtu namba: mimi nilitegemea nini nilipokaa? Nilidanganywa na tangazo, au filamu yenyewe ndiyo iliyoshindwa? Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ila siku hizi hata chema kinatembezwa, na mara nyingine kinatembezwa kwa nguo za mwenzake.

Na maksi zako mwenyewe? Hapa tuna ugonjwa tuliotoka nao darasani. Shuleni hamsini kwa mia ni karibu na aibu, kwa hiyo tano kwa kumi tunaiona tusi, na filamu zote tunazisukuma kati ya saba na kumi. Matokeo yake saba haina maana tena. Mtu akiniambia "saba" sijui kama aliipenda au alikuwa anamstahi mtu. Irudishe tano mahali pake, pawe pa heshima. Kwangu tano ni filamu niliyoiangalia nikipiga pasi, ikaisha, sikuona hasara wala sikuwa na la kusimulia. Saba ni ile nitakayomtajia mtu nikiulizwa. Nane ni ile nitakayoitaja bila kuulizwa. Supa Modo ni tisa. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, ni nane. Kumi sijampa mtu mwaka huu. Nawe tengeneza ngazi yako kwa filamu ambazo jamaa zako wote wanazijua, kisha wataje ngazi hiyo. Wakishajua kwamba nane yako inakaa pamoja na Nairobi Half Life, namba yako imepata lugha.

Ulinganishe kila filamu na za kabila lake. Roger Ebert, aliyehakiki filamu kwenye gazeti la Chicago Sun-Times kuanzia mwaka 1967 hadi alipofariki mwaka 2013, alitoa nyota hadi nne, na alieleza kwamba nyota zake zinalinganisha: filamu ya mashujaa wa kuruka angani anaipima na nyingine za mashujaa hao, haipimi na tamthilia ya msiba. Ni busara. Kichekesho kiulizwe kama kilichekesha, na kwa filamu ya watoto waulizwe watoto. Anayeinyima maksi filamu ya Jackie Chan kwa kuwa haina falsafa amekosea mlango.

Na usikimbilie. Lala kwanza. Mwaka huo huo wa 1967 Joe Morgenstern, mhakiki wa jarida la Newsweek, aliiandika vibaya Bonnie and Clyde. Akarudi ukumbini, akaiona tena pamoja na watazamaji wengine, na wiki iliyofuata akaandika makala mengine kueleza kwamba alikuwa amekosea. Hakupoteza heshima, hilo ndilo linalokumbukwa kwake mpaka leo. Jarida la Uingereza la Sight and Sound huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi filamu bora kabisa ni ipi. Citizen Kane ya mwaka 1941 ilishika nafasi ya kwanza tangu 1962 hadi 2002. Mwaka 2012 ikaondolewa na Vertigo, na mwaka 2022 Vertigo ikaondolewa na Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Filamu hizo hazikuongezwa wala kupunguzwa kitu. Waliobadilika ni watazamaji.

Kwa sababu hiyo nakushauri uwe na daftari, la karatasi au la kwenye simu. Andika tarehe, mahali, uliyekuwa naye, zile sentensi tatu, na maksi kwa kalamu ya risasi. Mwezi ukipita, rudi uangalie ni filamu zipi bado unazikumbuka bila kusoma. Mimi nimewahi kuipa filamu nane usiku, na baada ya wiki nne sikukumbuka hata jina la steringi. Nikafuta, nikaandika tano. Nyingine niliipa sita nikiwa na hasira na mwisho wake, na mwisho ule ule umenifuata sokoni, kazini na kwenye foleni ya benki. Sasa ina nane na nusu.

Kuhusu kumwaga mtama kwenye kuku wengi, sina maneno mengi. Usimalize uhondo wa mwenzako. Filamu ya Kifaransa Les Diaboliques ya mwaka 1955 inafunga kwa maandishi yanayowaomba watazamaji wasiwasimulie wengine walichokiona. Miaka mitano baadaye Alfred Hitchcock alipotoa Psycho alitaka mtu asiingizwe ukumbini filamu ikishaanza, na watazamaji waliombwa wasitoboe siri ya mwisho. Watu hao walijua kwamba mshtuko ni mali ambayo mtu anaitumia mara moja tu. Mipaka yangu ni robo ya kwanza: mambo ya dakika ishirini au thelathini za mwanzo nasimulia, yanayofuata nanyamaza mpaka nimeuliza, "Umeshaiona?" Na hata kusema "subiri mwisho, utashangaa" ni kumwaga. Umeshamkalisha mtu akiwinda mwisho, na filamu yenyewe inapita mbele yake asiione. Kwenye grupu la familia andika jina la filamu juu, acha mistari kadhaa mitupu, ndipo useme. Aliyetaka kusoma atashuka mwenyewe.

Tutatofautiana, na hilo ndilo tamu kuliko yote. Mjomba wangu, aliyekulia Tanga, husema hakuna filamu iliyoipita Awaara ya Raj Kapoor. Kwa miaka mingi nilimjibu kama vijana wanavyojibu: ndefu, nyeusi na nyeupe, nyimbo nyingi. Siku moja nilikaa chini nikamuuliza, "Mjomba, ni mahali gani hasa?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Pale mahakamani. Baba ni hakimu, mwana ni mtuhumiwa, na baba hamjui mwanawe. Mimi baba yangu aliondoka nikiwa na miaka minne." Nilikuwa sijawahi kuambiwa hivyo, si na yeye wala na mama. Tuliiangalia pamoja usiku ule. Awaara ni ya mwaka 1951, na mimi bado naona nyimbo ni nyingi, ila sasa naijua filamu anayoizungumzia mjomba.

Swali hilo, "mahali gani hasa?", lishike. Mtu akisema filamu uliyoipenda ni mbovu, usimwambie hajui sinema. Muulize ni mahali gani. Akikutajia, rudi pale kwa macho yake. Akishindwa kutaja hata mahali pamoja, amesikia kwa watu, na mazungumzo yaishe kwa salama. Kwa mkubwa wako tumia adabu ile ile unayoitumia kwenye mambo mengine: "Shikamoo mzee, mimi niliona tofauti kidogo," kisha ueleze. Na mdogo wako akikuletea filamu ya Kikorea ya vipindi kumi na sita, iliyo na mapenzi usiyoyaelewa, mpe vipindi viwili vya kweli bila simu mkononi kabla hujasema lolote. Ameileta kwako kwa sababu anataka umwone.

Nimeacha hadi sasa jambo lililo karibu na moyo wangu: tunavyozizungumza filamu za nyumbani.

Kuna makosa mawili, na tunayafanya yote. La kwanza ni dharau. Mtu hajaangalia filamu ya Kitanzania tangu enzi za diski, lakini akisikia jina anacheka: "Bongo muvi? Gari linatembea dakika tano." Ni kweli kulikuwa na gari linalotembea dakika tano. Biashara ya wakati ule ilikuwa kuuza hadithi moja kwa diski mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na hadithi fupi ililazimika kuvutwa ili ijaze zote. Huo ulikuwa mfumo wa soko, na mtu makini anaposema filamu ya zamani ilijikokota, ataje na sababu hiyo. Wala tusisahau kwamba soko hilo hilo lilimlea Steven Kanumba, na alipofariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, umati uliokwenda kumuaga viwanja vya Leaders Kinondoni ulionyesha watu walikuwa wanaangalia, tena kwa mapenzi.

La pili ni huruma. "Ni ya kwetu, tuwape moyo," na hapo tunatoa tisa kwa filamu ambayo hatukusikia nusu ya maneno yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtengenezaji aliyepewa tisa ya bure hana sababu ya kumlipa mtu wa sauti safari ijayo. Mimi maksi naziweka kwenye ngazi ile ile ya filamu zote, ila maelezo nayafanya marefu zaidi kwa za kwetu, kwa sababu huyu mtengenezaji anaweza kunisikia. Mwongozaji wa Hollywood hatasoma ujumbe wako. Wa Sinza au wa Kisauni anaweza kuusoma usiku huo huo.

Kwa hiyo mwambie kitu anachoweza kukitengeneza. "Mbovu" hakitengenezeki. "Kwenye mazungumzo ya ufukweni upepo ulifunika sauti, sikujua dada alimjibu nini kaka yake" kinatengenezeka. "Sikuelewa kwa nini alirudi kwa mume, maana jana yake alikuwa amepata kazi" kinatengenezeka, huo ni mswada. "Mama alilia vizuri sana, lakini kamera ilikuwa mbali" kinatengenezeka pia. Tenganisha mswada, uigizaji, picha na sauti, kwa sababu nyuma ya kila kimoja kuna mtu tofauti, na ni dhuluma mwigizaji aliyejituma kubeba lawama za kinasa sauti. Ulichokipenda nacho kitaje kwa umahususi huo huo. Nilipoiona Binti ya Seko Shamte, iliyotoka mwaka 2021 na hadithi zake za wanawake wanne wa Dar es Salaam, niliandika kwenye daftari mahali ambapo ukimya ulifanya kazi kuliko maneno, na mahali ambapo nilitamani hadithi moja ikae zaidi kabla ya nyingine kuingia. Maandishi kama hayo, tukiyaweka hadharani kwa Kiswahili, yatamsaidia mtazamaji ajaye kuchagua na mtengenezaji ajaye kuandika.

Wahakiki wa filamu wanaoandika kwa Kiswahili ni wachache mno, na magazeti yetu yamejaa habari za mastaa kuliko za kazi zao. Pengo hilo ni letu sisi tunaoangalia. Basi filamu ya nyumbani utakayoiona mwezi huu, iandikie sentensi tatu, weka maksi yako ya kweli chini yake, na umtumie aliyeitengeneza kabla hujamtumia rafiki yako.